Kitabu cha mwongozo kinasifiwa, mbona hakifunguliwi?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni msanifu wa michoro. Ofisi ya wanafunzi ya chuo kimoja imenipa kazi ya kutengeneza kitabu cha mwongozo chenye michoro kwa wanafunzi wanaokwenda kusoma nje ya nchi. Walinipa maandishi yaliyopangwa kwa vitengo: udahili, uhamiaji, fedha, afya, makazi, taaluma. Nimechora picha 40 za rangi za maji, na kitabu kimefika kurasa 120 za A4. Niliwapa nakala wanafunzi 6 waliokuwa wanakaribia kusafiri, na wote walikisifu sana. Wiki mbili baada ya wao kufika niliwauliza wamekitumiaje. Mmoja tu ndiye aliyekifungua, tena alikuwa anatafuta namba ya simu ya dharura na hakuiona. Wengine walikiacha nyumbani kwa sababu ya uzito. Je, niongeze michoro kivutie zaidi, au nipunguze? Bosi wa ofisi anasema michoro inakifanya kionekane cha watoto. Na je, karatasi bado ina maana siku hizi, au tutengeneze programu ya simu?"

Marahaba. Kwanza nikupongeze kwa kurudi kuwauliza. Wengi wetu katika kazi hii tunaishia kwenye sifa za siku ya kwanza, tunapiga picha na jalada, basi. Wewe ulikwenda kutafuta jibu chungu, na hilo ndilo litakalokusaidia.

Wanafunzi wako hawakukudanganya. Walikishika kitabu wakiwa wamekaa, hawana haraka, macho yamepumzika, na kwa hali hiyo kilikuwa kizuri kweli. Lakini anayekihitaji kitabu hiki huwa amesimama. Begi liko begani, mkono mmoja unavuta sanduku, hajalala vizuri tangu jana, vibao vyote viko katika lugha ambayo lazima aitafakari kwanza ndipo aielewe, na nyuma yake kuna foleni. Ana sekunde kumi hivi za kukuamini. Wewe ulimsanifia yule aliyekaa.

Ndiyo maana swali la kuongeza au kupunguza michoro naomba tuliweke kando kidogo. Tatizo haliko kwenye idadi. Nadhani kinachokusumbua zaidi ni kama michoro yako inafanya kazi au inapamba tu, na bila kuiona naweza kukisia kwamba mingi inapamba. Usikasirike, hata yangu ya miaka ya mwanzo ilikuwa hivyo.

Kuna usemi unaozunguka sana kati yetu: weka picha, watu watakumbuka. Asili yake ni nadharia ya Allan Paivio, mwanasaikolojia wa Kanada, aliyoieleza kwa kirefu mwaka 1971: akili hushika maneno kwa njia moja na taswira kwa njia nyingine, na jambo lililopita njia zote mbili hukumbukwa kwa urahisi zaidi. Tulichosahau ni sharti lake. Picha na maneno lazima vizungumzie jambo lilelile. Mtafiti wa Marekani Richard Mayer, aliyepima kwa miaka mingi jinsi watu wanavyojifunza kwa maneno yaliyochanganywa na picha, alionyesha upande wa pili: picha ya kuvutia isiyohusika na somo hupunguza uelewa. Akili ina nafasi ndogo ya kushughulikia mambo kwa wakati mmoja, na pambo nalo hudai sehemu yake. Kwa mtu aliyechoka, anayesoma mazingira mageni, nafasi hiyo imeshajaa kabla hajafungua ukurasa. Picha yako ya mnara mzuri uliopigwa na jua la jioni inamnyang'anya kidogo alichobakiwa nacho.

Nikuonyeshe tofauti kwa karibu. Chukua siku mwanafunzi anapokabidhiwa chumba. Maandishi ya ofisi yatasema hivi: "Mwanafunzi anashauriwa kukagua chumba kwa makini na kuweka kumbukumbu ya hali yake kabla ya kutia saini." Msanifu wa mapambo atachora kijana anayetabasamu mlangoni na funguo mkononi. Sasa futa vyote viwili. Chora chumba kimoja kitupu, kwa mistari myeusi, kikionekana kutoka kona ya juu. Weka namba 1 kwenye doa lililo ukutani, 2 kwenye kitasa cha dirisha, 3 kwenye soketi, 4 kwenye godoro lililoinuliwa upande mmoja, 5 kwenye mita ya umeme, na 6 kwenye king'ora cha moshi darini. Mkono ulioshika simu unapiga picha mita, na tarakimu zake zinasomeka. Chini weka sentensi moja: "Piga picha hizi sita kabla hujatia saini, uzitume kwa barua pepe siku hiyohiyo." Ukurasa huo unaweza kuokoa amana ya mtu mwaka mzima baadaye, wakati mwenye nyumba atakapodai kwamba doa limeletwa na mwanafunzi. Yule kijana anayetabasamu hawezi kumsaidia siku hiyo.

Mchoro unastahili nafasi pale maneno yanapojikwaa: kuonyesha kitu kilipo, kitu kinavyofanana, hatua zinavyofuatana, au tofauti kati ya vitu viwili. Uingereza wakisema "ghorofa ya kwanza" wanamaanisha iliyo juu ya ile ya chini, Marekani ghorofa ya kwanza ni ileile ya chini. Kulieleza hilo kwa maneno kunachosha. Chora majengo mawili yaliyokatwa ubavu, kila moja na namba zake, na jambo linaeleweka kwa kutupa jicho. Tarehe 04/05 ni tarehe 4 Mei kwa Mwingereza na tarehe 5 Aprili kwa Mmarekani. Chora barua ya miadi yenye tarehe hiyo, na pembeni andika jina la mwezi.

Plagi nazo zichore kwa ukubwa wake halisi, ili mwanafunzi aweke plagi yake juu ya ukurasa na kuona kama vijiti vinalingana. Hapohapo mwonyeshe pale pa kusoma kwenye chaja, palipoandikwa "100–240V". Wengi hudhani adapta hubadilisha umeme, kumbe inabadilisha umbo la vijiti tu. Pasi iliyotengenezwa kwa volti 120 ukiichomeka kwenye volti 230, adapta haitaiokoa.

Kuhusu bosi wako na neno "watoto". Mwambie kwa heshima kwamba mchanganyiko wa picha na namba kwa ajili ya watu wazima una historia ndefu. Kuanzia mwaka 1925 huko Vienna, Otto Neurath na wenzake walitengeneza chati za picha ili wananchi wa kawaida waelewe takwimu za makazi, afya na kazi. Mfumo wao baadaye uliitwa Isotype. Alama nyingi zilichorwa na Gerd Arntz. Ila mtu ninayetaka umkumbuke ni Marie Reidemeister, ambaye baadaye alikuwa Marie Neurath. Kazi yake ilikuwa kukaa kati ya wataalamu wenye takwimu na mchoraji mwenye kalamu, akiamua kipi kionyeshwe, kipi kiachwe, na kipangwe vipi. Wao walimwita mgeuzaji. Kazi uliyopewa wewe ni hiyohiyo, hata kama barua ya ofisi imeiita kazi ya kuchora.

Kinachofanya kitabu kionekane cha watoto ni vikaragosi wenye macho makubwa, alama za mshangao kila sentensi, na sauti ya kumbembeleza msomaji. Hapo bosi ana haki, kama vimo. Kadi za usalama ndani ya ndege zina michoro mitupu na hakuna mzee anayelalamika kwamba ametukanwa.

Sasa tufike kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko michoro yenyewe: mpangilio. Udahili, uhamiaji, fedha, afya, makazi, taaluma. Hayo ni majina ya milango ya ofisi. Mwanafunzi hapati tatizo la "fedha". Anapata tatizo la saa nne usiku, au la Jumatatu asubuhi. Panga kitabu kwa wakati: kabla ya kuondoka, uwanja wa ndege, usiku wa kwanza, siku tatu za kwanza, mwezi wa kwanza, na mambo yanapoharibika. Ukifanya hivyo utagundua kitu ambacho vitengo vilikuwa vinakificha, yaani mafundo. Benki inataka uthibitisho wa anwani. Mwenye nyumba anataka akaunti ya benki. Kampuni ya simu inataka vyote viwili, na benki nayo inataka namba ya simu. Kila kitengo kiliandika ukurasa wake kwa usahihi, lakini hakuna aliyeona kwamba mwanafunzi anazungushwa.

Ukurasa ninaoupenda kuliko wote katika vitabu vya aina hii ni ule unaoonyesha kipi kinafungua kipi. Chora makufuli na funguo kama ukipenda, au visanduku na mishale tu. Kwa Ujerumani, mathalani, karatasi ya mwenye nyumba ya kuthibitisha kwamba umehamia ndiyo inayokuwezesha kujiandikisha katika ofisi ya wakazi, na kujiandikisha kunatakiwa kufanyika ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia. Cheti utakachopewa hapo kitadaiwa sehemu nyingine nyingi. Japani nako kuna siku 14 za kutoa taarifa ya makazi katika ofisi ya manispaa baada ya kupata pa kukaa. Mwanafunzi akiona mnyororo huo kwa picha, anajua karatasi ipi aikimbilie kwanza. Ramani ya treni za chini ya ardhi ya London aliyoichora Harry Beck mwaka 1931, ikatolewa kwa umma mwaka 1933, haikujali umbali halisi kati ya vituo. Iliacha ukweli usiohitajika ili njia ionekane. Nawe acha vifungu vya sheria. Onyesha njia.

Namba ya dharura ambayo mwanafunzi wako hakuiona usiifiche tena ndani ya sura ya afya. Iweke ndani ya jalada la mbele, nyeusi juu ya nyeupe, kubwa, bila mchoro wowote nyuma yake. 112 kwa nchi za Umoja wa Ulaya, 999 au 112 kwa Uingereza, 911 kwa Marekani na Kanada, 000 kwa Australia. Japani ni 110 kwa polisi na 119 kwa zimamoto na gari la wagonjwa. Chini ya hapo acha mistari mitupu aandike anwani yake mpya kwa mkono, maana swali la kwanza la anayepokea simu litakuwa: uko wapi?

Kwa sababu ya mistari hiyo, usitumie karatasi ya kung'aa, wino wa kalamu hausharabiki vizuri juu yake. Na tuzungumzie uzito, kwani wanafunzi wako wamelisema wazi. Karatasi ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5. Kurasa 120 ni karatasi 60, yaani gramu 300 bila jalada, na ukichagua karatasi nene ya gramu 150 unavuka gramu 560. Mtu anayepunguza soksi ili sanduku lisizidi kilo zinazoruhusiwa atakiacha kitabu chako bila kusita. A6, milimita 105 kwa 148, ni kubwa kidogo tu kuliko pasipoti, kwa hiyo kitakaa pamoja nayo. Kurasa 48 za A6 kwa karatasi ya gramu 100 hazifiki gramu 40. Kwa kitabu cha kubanwa kwa pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, usije ukabaki na kurasa tupu za aibu. Mambo ya azimio la picha (wingi wa nukta zinazoiunda) na ukingo wa kukatia karatasi muulize mpiga chapa wako, kila mmoja ana matakwa yake.

Je, picha 40 za rangi za maji? Kwa ukubwa wa A6 nyingi zitageuka madoa. Mistari myeusi na rangi moja ya kusisitiza inavumilia kupunguzwa, kutolewa fotokopi, na kuchapwa na printa mbovu. Rangi hiyo isibebe maana peke yake ("fuata kijani, epuka nyekundu"), kwa kuwa wapo wasiotofautisha rangi hizo mbili. Hata hivyo mimi ningebakiza picha mbili au tatu zako zilivyo. Kama unayo ya chumba kitupu usiku wa kwanza, sanduku halijafunguliwa, taa ya barabarani inaingia dirishani, iache ukurasa mzima. Haifundishi kitu. Lakini upweke wa usiku ule ni sehemu ya safari, na mtu akiona kwamba aliyetengeneza kitabu aliujua, atakiamini zaidi kwa mengine.

Karatasi au simu? Vyote, kwa kugawana kazi. Karatasi ni ya saa ambazo simu haina mtandao au chaji imekwisha, yaani hasa saa zile za kufika. Simu ni ya mambo yanayobadilika. Na yanabadilika kweli: Uingereza ilikuwa inawapa wanafunzi wa kigeni kadi ya plastiki ya ukaazi, na miongozo mingi ilikuwa na picha ya kadi hiyo na maelezo ya kuichukua posta ndani ya siku 10. Kadi hizo zimeondolewa, nyingi zilikwisha muda tarehe 31 Desemba 2024, na sasa hadhi ya mtu iko kwenye mfumo wa mtandaoni. Kila aliyechapa kadi ile kwa rangi nzuri alibaki na boksi la vitabu vya kufungia maandazi. Kwa hiyo ada, viwango vya pesa za kuonyesha benki, fomu na tarehe za mwisho visiingie kwenye karatasi. Viweke kwenye ukurasa wa wavuti unaofunguka haraka.

Programu ya simu mimi siishauri. Kila mfumo wa simu ukibadilika itabidi alipwe mtu wa kuirekebisha, na ofisi za wanafunzi mara nyingi hazina bajeti ya mwaka wa tatu. Tumia msimbo wa QR upeleke kwenye anwani inayomilikiwa na chuo chenyewe, siyo huduma ya bure ya kufupisha anwani ambayo inaweza kufa kesho. Usiuchape chini ya sentimita 2, na chini yake andika anwani kwa herufi, kwa ajili ya mwenye kamera iliyopasuka.

Ukimaliza rasimu, usiulize tena "mnakionaje?" Watu ni waungwana, watakisifu. Chapa nakala chache kwa printa ya kawaida, zikunje kwa mkono, uwape wanafunzi watano mmoja mmoja. Msimamishe, mpe na begi abebe. Kisha mwambie: "Ni saa nne usiku, umefungiwa nje ya chumba chako. Nionyeshe utafanya nini." Halafu nyamaza. Tazama kidole chake kinakwenda ukurasa gani kwanza, kinarudi wapi, kinasita wapi. Niliwahi kufanya jaribio hilo nikiwa na uhakika kabisa na alama yangu ya ufunguo, na watu watatu mfululizo walidhani ni sura ya kukodi gari. Nilikuwa nimeitazama alama ile kwa miezi miwili.

Yapo mambo ambayo mimi wala wewe hatupaswi kuyamaliza mezani. Kurasa za viza na ukaazi zipeleke kwa mshauri anayeruhusiwa kisheria, ikiwezekana wa chuo kinachopokea wanafunzi, azisome na kuweka tarehe. Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1999 inafanya kutoa ushauri wa uhamiaji bila idhini kuwa kosa la jinai, kwa hiyo kitabu chako kielekeze mtu kwa mshauri, kisijifanye mshauri. Ukurasa wa afya ya akili uupitie pamoja na mnasihi au muuguzi, ana kwa ana, hasa maneno ya kumwambia mtu aliyefika ukingoni. Hapo neno moja likikosewa linaweza kuumiza. Kwa mpiga chapa nenda mwenyewe na kielelezo ulichokunja, ushike karatasi zake kwa vidole kabla ya kuagiza. Na kama mkataba wako hausemi michoro itakuwa ya nani baada ya malipo, mtafute mwanasheria sasa, kabla ofisi haijaanza kuitumia kwenye kalenda.

Bosi mwachie zamu ya mwisho. Mpelekee kile cha kurasa 120 na kile cha A6, mwombe asimame, mpe begi, umwambie amefungiwa nje saa nne usiku. Wewe shika saa.